Kioo cha Shaba Nilichokipeleka Chiwanda

Akina mama wa jumuiya, kila Jumapili tukitoka misa mnanizingira pale kwenye ngazi za kanisa. "Bibi Kresensia, harusi ilikuwaje? Bibi harusi alipendeza?" Wiki tatu nimewajibu kwa kukohoa. Kifua changu kizima. Sasa nimechukua daftari, na darasa langu la nne la misheni, nimekaa mlangoni na kuyaandika yote mara moja. Mama Longina atawasomea, yeye ana sauti. Akimaliza, asiniulize mtu tena.

Wengine mmeletwa hapa na ndoa na hamkijui kioo chenyewe, kwa hiyo nianze nacho. Si kioo cha dukani. Ni kisahani cha shaba, kizito kama jembe lisilo na mpini. Upande mmoja ni laini, ukisuguliwa unaona uso wako mwekundu mwekundu kama unachungulia kwenye chungu cha mafuta. Upande wa pili, yaani mgongoni, pana kinundu katikati chenye tundu la kupitishia kamba, na kukizunguka kinundu kuna wanyama wanafukuzana kama mbwa walioiba nyama, na katikati yao vichala vya buni. Sisi nyumbani tumeviita buni siku zote.

Kimetoka upande wa mama yangu, Mnyasa wa Chiwanda. Watu wake walikipata kwa misafara iliyokuwa ikitoka Kilwa kuja ziwani. Mama alisema kilinunuliwa kwa pembe ya ndovu. Bibi yake mama alisema kilinunuliwa kwa mtu. Mimi nilichagua kuamini pembe.

Kazi yake ni moja. Msichana wa nyumba yetu akiolewa, bibi yake anakitoa sandukuni, anakisugua mwenyewe mbele na nyuma mpaka king'ae, anakifunga kwenye kaniki. Baada ya hapo hakuna anayekitazama mpaka msichana. Yeye ndiye wa kwanza kujiona. Akishajiona, bibi anamwambia maneno, halafu kioo kinarudi kulala. Mimi nilitazama. Mwanangu Anjela alitazama, akaolewa, akafa akaniachia Editha angali mgongoni. Editha ndiye msichana pekee aliyebaki. Mnamjua, nimemlea mimi kwa mahindi ya ngolo zangu, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, masista wakamfundisha cherehani, akaenda Dar es Salaam kushona nguo za matajiri. Nimejisifu naye hapa mpaka mmechoka.

Barua yake ilisema hivi, naiandika kama ilivyo: "Bibi, shikamoo. Nimeshona gauni la harusi kwa mtindo wa kioo chetu. Litavaliwa Mbamba Bay, ufukweni, Jumamosi baada ya hii ijayo. Njoo na kioo. Nataka uwepo ulione." Niliisoma mara nne. Nikampelekea katekista, naye akaisoma, akavua kofia, akanipa mkono. "Hongera, Bibi." Sasa niambieni, nani kati yenu angeielewa vingine?

Mapera mpaka Mbinga

Kukisugua kulinichukua siku mbili. Tangu harusi ya Anjela kilikuwa hakijasuguliwa, kilikuwa kimeota kijani kama jiwe la mtoni. Nilitumia majivu ya magunzi na ndimu. Kijani cha mbele kilitoka upesi. Cha mgongoni kilijificha kwenye miguu ya wale wanyama na katikati ya buni, nikakichokonoa kwa kijiti, tundu kwa tundu, mpaka vidole vikavimba. Nilipomaliza kilikuwa kama kimetoka kwa mhunzi jana. Nikajisemea, wacha watu wa Dar waone nyumba aliyotoka huyu mtoto.

Kutoka hapa kwetu Mapera nilibeba unga, maharage, na jogoo. Kioo nilikifunga mgongoni kwa kitenge, kama mtoto. Barabarani nilipata gari la mmoja wa hawa wanunuzi wapya wa kahawa, wanaokuja na mizani yao tangu biashara ilipoachiwa huru. Aliyekuwa kwenye usukani kijana, miwani myeusi.

"Bibi, unaenda wapi na jogoo?"

"Harusini."

"Ya nani?"

"Ya mjukuu wangu. Anashonea wake za wakubwa."

"Basi kaa mbele. Jogoo akae na magunia."

Nilikaa mbele mpaka Mbinga. Sijawahi kukaa mbele ya gari maisha yangu yote, na nawaambia kinachoonekana kutoka mbele ni matope yale yale, ila yanakufikia mapema.

Mbinga, kungoja lori

Lori la kwenda ziwani lilikuwa linaondoka "sasa hivi". Dereva wake Saidi alisema sasa hivi Jumatano asubuhi, akasema Jumatano jioni, akasema Alhamisi. Mara anangoja dizeli, mara anangoja mzigo wa sabuni. Zamani sabuni tuliipangia foleni kwa kipande, leo sabuni ndiyo inamchelewesha mtu.

Nilihifadhiwa na Mama Shamsa, mwenye duka la vitambaa karibu na soko. Watu wake walitoka pwani zamani, yeye amezaliwa hapa hapa. Alinikuta nimekaa kwenye baraza yake na jogoo wangu, badala ya kunifukuza akaniletea chai na kitumbua.

"Shikamoo, Bibi. Umebeba mtoto asiyelia?"

Nikamweleza kioo. Hakuomba kukiona. Alisema, "Kama hakijatazamwa, kisitazamwe." Nikampenda hapo hapo.

Sokoni wametundika mitumba kila mahali, na juu ya mti mmoja palining'inia gauni jeupe la harusi, la mzungu, limevaliwa huko likachoka likaletwa kwetu. Upepo ulikuwa unalijaza kifua. Muuzaji akaniita, "Mama, mchukulie binti."

Nikamwambia, "Gauni la harusi bila bibi harusi ni kama jeneza bila maiti. Linatafuta mtu."

Watu walicheka. Mimi nilicheka kuwazidi. Nakumbuka sana nilivyocheka.

Ijumaa alfajiri lori lilipowashwa kweli, Mama Shamsa akatoka na khanga mpya, doti nzima, ya zambarau.

"Ya bibi harusi," akasema. "Ukirudi pitia hapa, uniambie alipendeza vipi."

Kushuka ziwani

Mnaoijua ile barabara mnajua kwamba huishuki, inakumwaga. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye kona moja lori lilianza kutembea ubavu, na Saidi akapiga kelele tushuke wote. Tukashuka, tukakata matawi, tukayatupa chini ya magurudumu, wanaume wakasukuma, lori likawatemea matope mdomoni. Mimi niliteremka kwa miguu na fimbo, kioo mgongoni.

Mama mmoja wa chini, na kikapu chake kichwani, alitembea nami kipande kirefu. Alikuwa anachungulia kile kitenge changu.

"Mtoto hajambo?" akaniuliza.

"Hajambo."

"Mbona mgumu hivyo? Mwaka wa ngapi huyo?"

"Ananizidi mimi."

Alitembea hatua kama kumi, halafu akasogea upande wa pili wa barabara. Alidhani nimebeba uchawi. Ikabidi nimwite, nimweleze. Akacheka mpaka kikapu kikayumba, akafungua, akanipa fungu la usipa wakavu, wale dagaa wa ziwa. "Za harusi," akasema. "Waambie zimetoka kwa mama uliyemtisha."

Mnaona hali yangu. Khanga mkononi, dagaa kichwani, jogoo kwapani, na wote niliokutana nao wamenipa baraka za kumpelekea mtu mmoja.

Mbamba Bay

Tulifika Ijumaa mchana. Nilikuwa na njaa, nikaingia kwa mama lishe pale karibu na maji. Akaniletea mbasa wa kuchoma na ugali wa muhogo. Samaki sina neno naye. Ule ugali, jamani, mama yangu alikuwa Mnyasa lakini baba yangu alinilea kwa mahindi. Nilikata tonge, tonge likanifuata mpaka puani.

"Mama wa milimani wewe," mama lishe akasema. "Usiutafune. Unamezwa."

"Kitu kisichotafunwa ni dawa, si chakula."

"Basi meza dawa, Bibi, upone."

Nilimeza. Nikauliza wageni wa Dar waliokuja na harusi wako wapi. Kijana wa nyumba ya wageni akasema hawapo, wamehama jana kwa boti kwenda upande wa Chiwanda, kwa sababu mchanga wa huko ni safi na hakuna watu.

Nikamuuliza, "Harusi gani isiyotaka watu?"

"Mimi sijui, Bibi. Nimewasikia wakisema watu wanawaharibia."

Hapo mwenye akili angeanza kutia shaka. Mimi nilianza kuvimba kichwa. Nilijisemea, Editha ameipeleka harusi kwao mama yangu. Kioo kinarudi kilikotoka. Ametafuta mchanga ule ule ambao mama yangu alikanyaga akiwa mwali. Mtoto ana heshima kuliko nilivyodhani. Nililala na wazo hilo, na sijalala vizuri hivyo tena.

Kwa boti

Jumamosi asubuhi nilipanda boti iliyobeba chumvi, mabati na watu tisa. Injini ilikufa mara mbili. Mara ya kwanza waliizibua kwa kuipuliza. Mara ya pili walikaa wanaitazama tu, kama watu wanaongoja mgonjwa aseme neno la mwisho. Jua lilikuwa linapanda, na mimi nilikuwa nalihesabu: msichana anatakiwa ajitazame kabla hajavaa gauni.

Mbele yangu alikaa mzee mmoja wa Chiwanda. Nilipotaja jina la babu yangu mzaa mama alishika kidevu, akasema ukoo anaujua, makaburi yao yapo nyuma ya shule.

"Na unaenda kufanya nini, dada yangu?"

"Harusi ya mjukuu wangu. Leo."

"Chiwanda?"

"Chiwanda."

Akatazama maji kidogo. "Mimi nakaa pale. Sijasikia harusi. Hata padre ameondoka tangu Jumanne."

"Hujasikia kwa sababu hujaalikwa."

Yule mzee hakukasirika. Alisema tu, "Inawezekana, dada." Na alipotamka lile inawezekana, nikashika ukingo wa boti kwa mikono miwili. Nilisema ni mawimbi. Maji yalikuwa yametulia kama uji uliopoa.

Chiwanda, ufukweni

Niliwaona kabla boti haijagusa mchanga. Watu wanne. Mwanamume ana kamera imesimama kwenye miguu mitatu. Mama mmoja mnene, kajitanda vizuri, chini ya mwavuli. Msichana mrefu kuliko mlango wangu. Na Editha amepiga magoti nyuma ya yule mrefu, ana pini mdomoni.

Gauni alilivaa yule mrefu.

Editha aliniona, akatema pini mkononi, akaja mbio, akanipigia goti kwenye maji. "Shikamoo, Bibi. Umefika. Nilijua utafika."

"Marahaba. Mwenzio yuko wapi?"

"Mwenzangu nani?"

"Bwana. Anayekuoa."

Alinitazama, akatazama jogoo, akatazama khanga. Nikaona linavyomwingia polepole. Akacheka, lakini macho hayakucheka.

"Bibi, siolewi mimi. Nilikuandikia, ni gauni. Tunalipiga picha. Wanawake wenye uwezo wanaliona kwenye picha, wanaagiza. Ndiyo kazi."

"Na yule?"

"Yule anaitwa Neema. Kazi yake kuvaa."

"Anavaa gauni la harusi, haolewi?"

"Amevaa mangapi mpaka sasa, wala hajaolewa."

Nilikalia gunia la mtu wa chumvi. Sikuanguka, nilikaa.

Sitawadanganya, gauni lilikuwa zuri. Lilikuwa la hariri ya kijani, kile kijani cha shaba iliyolala miaka. Mbele hapakuwa na kitu, kama kioo kilivyo mtupu mbele. Kazi yote ilikuwa mgongoni: kinundu cha shaba katikati ya mabega, na kukizunguka, kwa shanga na uzi, wale wanyama wetu wanafukuzana, na vile vichala, na ukingo wa nje umekatwa kama ukingo wa kioo. Kila mguu wa mnyama ulikuwa mahali pake. Huyu mtoto alikuwa amekibeba kichwani tangu utotoni, alipokuwa anakichora sakafuni kwa mkaa nami namchapa. Nilijivuna na nikaumia, yote kwa pamoja, na sijui kipi kilitangulia.

Yule mama mnene ndiye mwenye duka. Anaitwa Mama Zubeda. Alinisalimia kwa adabu yote, shikamoo, za safari, pole na matope, akaniletea kiti chake. Kisha akaomba kioo kwa mikono miwili. Nikafungua kaniki mwenyewe, nikampa mgongo juu, uso chini, ili asikitazame.

Uso wake ulisawijika.

"Kimefanywa nini hiki?"

"Kimesuguliwa."

"Kijani kiko wapi?"

"Kwenye shimo la majivu, Mapera."

Alifumba macho. Editha akashika kichwa. Wakaanza kuniambia, huyu anaacha, yule anaanza: kwamba ile rangi ya gauni imetafutwa miezi, imechovywa na kuchovywa tena, ifanane na kijani cha kioo. Kwamba ile kutu ndiyo uzee wenyewe, watu wanavuka bahari kuitafuta. Kwamba kioo hiki ni cha Uchina, cha enzi za wafalme wa huko, shaba iliyochanganywa na bati, na Mama Zubeda ameviona viwili tu kama hicho, vyote nyuma ya vioo vya makumbusho.

"Na hivi si buni, Bibi," akaniambia kwa upole. "Ni zabibu."

"Bibi zangu hawakuwahi kuona zabibu. Mtu huona anacholima."

"Kweli," akasema. Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya.

Nikamwambia, "Mama, mmevalisha bibi harusi kutu. Kwetu kutu ni dalili kwamba nyumba haijaoza mtu muda mrefu. Ndiyo maana tunaisugua." Yule wa kamera akatabasamu, akaangalia jua, akasema tuanze, kiking'aa si kitu, atakipiga kwa mbali.

Nikamvuta Editha pembeni. Sikutaka kumwaibisha mbele ya mwajiri wake. Nilimwambia hivi: "Sawa. Huolewi leo. Lakini kimeshasuguliwa, na kikisuguliwa lazima kitazamwe na msichana wa nyumba. Hakiwezi kurudi sandukuni hivi. Kitazame wewe kwanza. Ni kukigeuza tu. Nikuambie maneno yako, wakifanye wanachotaka."

"Baadaye, Bibi. Jua linaondoka."

"Ni muda wa Baba Yetu moja, wala haufiki."

"Bibi, nakuomba. Baadaye."

Akakichukua mkononi mwangu, mgongo juu, akamkimbilia yule mrefu. Hakukigeuza. Alipokuwa mtoto alinisumbua miaka akitaka kukitazama, nikamwambia siku yako itafika.

Wakamsimamisha Neema majini mpaka kwenye vigimbi, pindo la hariri linaelea. Wa kamera akamwambia ainue kioo, mgongo wake uelekee kamera, buni zionekane. Naye akakiinua. Hapo ndipo nilipoelewa, nimechelewa. Mgongo wa kioo ukielekea huko, uso wake unamwelekea nani?

Msichana wa watu alijiona. Alisogeza kidogo, akatoa chembe ya mchanga kwenye mdomo wake kwa kidole kidogo, akatazama meno. Basi. Kimetazamwa.

Mtaniuliza kwa nini sikunyamaza. Nyinyi mnaweza kunyamaza. Mimi nilipewa kazi hiyo na bibi yangu, naye alipewa na wake, na hakuna aliyesema kama msichana si wa kwetu maneno yameze. Kilichotazamwa kimetazamwa, anastahili kuambiwa. Nilivua kandambili, nikaingia majini na kitenge changu, nikamshika viwiko. Alinitazama kwa kushangaa, ana macho ya mtoto aliyeitwa jina na mwalimu. Nikasema kama nilivyoambiwa mimi:

"Uliyemwona humo ni wetu. Mtunze huko uendako. Akichoka, mrudishe."

Alianza kucheka, akaacha. "Bibi, mimi kwetu Tanga," akasema polepole. "Mama aliniambia nisirudi."

"Basi sasa umeambiwa rudi."

Machozi yakamtoka, hayakufutwa, na nyuma yangu nikasikia ile kamera inakula, kra, kra, kra, na mwanamume anasema, "Hapo hapo. Usimfute. Hapo hapo."

Nilipotoka majini Editha alikuwa amesimama na pini zake. Uso umekauka.

"Bibi, hayo yalikuwa maneno yangu."

"Yalikuwa."

"Ungenisubiri."

"Nimekusubiri tangu una meno mawili. Hukukigeuza."

Aliinama akachukua sindano, akaanza kurekebisha pindo ambalo halikuwa limeharibika.

Jioni Mama Zubeda alikuja na ombi. Nikiache kioo Dar kwa muda, kipo kwenye mikono salama, na kuna mafundi wanajua dawa ya kurudisha kijani.

"Dawa ya kurudisha uchafu?"

"Ya kurudisha umri, Bibi."

Nikamwambia, "Mgongo mmeshauchukua, uko kwenye hariri. Uso narudi nao mimi." Hakunibishia. Editha naye hakusema kaa, wala hakusema nenda.

Khanga ya Mama Shamsa nilimpa Neema. Zawadi ya bibi harusi hairudi dukani. Jogoo alipikwa, usipa zikakaangwa, wakala wote na kusifu. Editha alikula shingo, kama alivyopenda zamani, na alinichagulia mimi paja. Hatukuzungumza kioo. Asubuhi yake, kabla wengine hawajaamka, nilikwenda nyuma ya shule kutafuta makaburi. Nyasi zilikuwa zimenizidi kimo. Nikasimama tu hapo na mzigo wangu mgongoni, nikasema nimefika, nikaondoka.

Kurudi

Kurudi sina hadithi. Safari ya kupanda ni kupanda. Boti haikuzimika, lori halikukwama, kila kitu kilikuwa na haraka ya kunifikisha kwenye maswali. Mama lishe aliuliza. Saidi aliuliza. Mbinga nilifikiria kupita nyuma ya soko, nikaona aibu, nikapita mbele. Mama Shamsa alikuwa barazani kama aliyekuwa ananingoja.

"Haya, Bibi. Alipendeza?"

"Gauni lilipendeza."

Alinitazama kidogo. Hakuuliza la pili. Alinisogezea chai. Lile gauni jeupe la mzungu bado lilikuwa juu ya mti, limenyeshewa.

Sasa jibu mnalo. Ila kuna kipande kimoja kimeongezeka, nacho kimefika juzi kwa posta. Editha ameniletea picha. Neema yumo, gauni limemkaa, ameshika kioo kifuani, machozi yanang'aa shavuni kuliko shanga. Ni picha nzuri. Pembeni yake, kwenye kiwiko, kuna vidole vinne vyeusi vimemshika, na hapo picha imekatwa. Vidole hivyo ni vyangu. Barua inasema picha imewekwa kubwa dukani kwa Mama Zubeda, wateja wanasimama mbele yake, wanauliza yule bibi harusi analilia nini, na magauni yameagizwa mengi. Anasema anakula vizuri. Anasema hana nafasi ya kuja mwaka huu. Mwisho ameandika: "Mama Zubeda anakusalimu, anauliza kijani kimeanza kurudi?"

Hakuuliza miguu yangu. Ameuliza kijani.

Nimemwandikia neno moja, bado, na jina langu chini yake.

Na nyie mnaopita kwangu Jumamosi mkaona moshi wa magunzi mkadhani bibi anakaanga kitu, sikaangi. Natengeneza majivu. Zamani kioo hiki kilisuguliwa harusi ikikaribia tu. Sasa nakisugua kila wiki, mbele na nyuma, kwenye miguu ya wale wanyama na katikati ya buni, kwa kijiti kile kile, nimekigeuza uso chini ili nisijione. Kijani hakitarudi mimi nikiwa hai. Aje yeye kwanza.